Jina la Arobaini

SEHEMU YA TISA

Patasi ilikuwa hewani tulipoiacha Jumamosi iliyopita, na kwenye mlango wa nyuma wa karakana alikuwa amesimama maiti.

Maiti huyo alikuwa na ndevu. Alikuwa na mfuko wa plastiki mkononi, viatu vilivyopasuka ubavuni, na sauti ileile iliyoomba chai kila alfajiri kwa miaka ishirini na miwili.

“Mke wangu, ni mimi. Niache niingie.”

Mama Patasi hakuzimia. Mwanamke anayekula kwa kuchonga mawe hazimii ovyo. Alimtazama mumewe kuanzia unyayo hadi utosi, akashusha patasi polepole, akamvuta ndani kwa kola na kufunga mlango.

“Wewe umekufa,” alisema.

“Sijafa.”

“Usinibishie. Nimekuchonga mwenyewe!”

Akamgeuza amwonyeshe. Katikati ya karakana, juu ya magogo mawili, lilikuwa limelala bamba la jiwe jeusi, refu kuliko kitanda. Juu yake yalikuwa majina arobaini ya watu waliochukuliwa na mafuriko miaka miwili iliyopita. La arobaini, chini kabisa, peke yake kwenye mstari wake, lilikuwa la mumewe, mlinzi wa king'ora cha mto.

Mlinzi akalisoma jina lake. Akalisoma tena.

“Nililisikia redioni,” alisema. “Nilikuwa kwa kinyozi, mji wa mbali huko. Wanasoma orodha ya marehemu, nami nimepakwa povu shavu zima. Wakafika kwangu. Kinyozi akasema, ‘Mungu amrehemu.’ Nikasema, amina.”

“Ukasema amina!”

“Ningesema nini, mke wangu, na wembe uko shingoni?”

Kabla hajajibiwa, honi ikalia upande wa barabarani.

“Shemeji! Oyaa, shemeji! Vaa kanga safi, nakuletea serikali!”

Ilikuwa sauti ya Mwenyekiti wa kamati ya maafa. Na kabla mwangwi wake haujakata, upande wa uchochoroni injini ikanguruma. Lori la kubebea jiwe lilikuwa linarudi kinyumenyume, dereva akijipigia kelele mwenyewe, “Njoo, njoo, njoo, basi!” hadi bodi la lori likagota mlango wa nyuma.

Mlango ule hufunguka kwa nje. Mlinzi aliusukuma kwa bega. Ulikuwa kama kusukuma mlima.

Dirisha lilikuwa moja tu, nalo lina nondo. Karakana iliyokuwa na milango miwili sasa ilikuwa na mmoja, na kwenye huo mmoja viatu vilikuwa vinapanda ngazi.

“Ingia kwenye kasha,” Mama Patasi alisema.

“Nani, mimi?”

“Hapana, babu yako. Ingia!”

Kasha la mbao ambalo jiwe lilisafirishwa ndani yake lilikuwa ukutani, limejaa maranda. Mlinzi aliingia kama mtu anayeingia maji ya baridi. Mkewe akamsukuma kichwa kwa kiganja, akafunika.

Mtauliza: mume amerudi kutoka kwa wafu, mbona hapigiwi vigelegele? Sikilizeni.

Mfuko wa serikali wa kumbukumbu na kinga ya maafa una kipimo chake. Mji uliopoteza watu arobaini au zaidi unapewa jiwe la kumbukumbu, ukuta wa zege wa kuzuia mto, na ving'ora vipya. Mji uliopoteza pungufu ya hapo unapewa jiwe tu. Jiwe na pole! Nani alikaa kwenye kiti cha kuzunguka akaamua kwamba wafu thelathini na tisa hawatoshi kujengewa ukuta? Ni mtu ambaye hajawahi kulala na viatu miguuni akisikiliza mto, hilo nitaapa.

Mji huu ulizika thelathini na tisa. Mlinzi hakuonekana, si mzima wala mfu. Ndipo Mwenyekiti alipomjia Mama Patasi na fomu: “Shemeji, saini tu. Mumeo harudi. Ila ukuta utakuja.”

Akasaini. Binti yake wa pekee anaishi nyumba ya pili kutoka mtoni, nyumba ya udongo, na ana mtoto wa miezi kumi anayejifunza kusimama kwa kushika ukuta. Mvua kubwa ziko wiki tano mbele.

Basi hesabu ni hii. Mume akiwa hai, wafu ni thelathini na tisa. Wafu wakiwa thelathini na tisa, hakuna ukuta. Sasa mmeelewa kwa nini alimsukuma kichwa.

Mlango wa mbele ukafunguka.

“Hodi, hodi, na nimeshaingia!” Mwenyekiti alicheka. Alikuwa na desturi ya kucheka kabla ya kumaliza mzaha wake, asije akabaki anacheka peke yake. “Shemeji, huyu ni mama Mkaguzi, ametoka wizarani. Mama Mkaguzi, huyu ndiye mjane wetu. Shujaa, mke wa shujaa!”

Mkaguzi alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, miwani imening'inia shingoni kwa uzi, mkoba wa ngozi umebanwa kwapani. Hakucheka. Alimpa Mama Patasi mkono.

“Pole na kazi, mdogo wangu. Na pole kwa msiba.”

“Nimeshapoa, dada.”

“Sitakuchelewesha. Nahesabu majina, napiga muhuri, naondoka. Faili la mji wenu linafungwa leo saa kumi. Likifungwa bila muhuri, ukuta wenu unakwenda mji mwingine. Uko mji unausubiri.”

Mama Patasi akatazama saa ya ukutani. Saa nane na robo.

“Majina ni hayo,” alisema. “Hesabu, dada.”

“Mimi siyahesabu kwa macho.”

Mkaguzi akafungua mkoba, akatoa karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu na kipande cha mkaa. Akaitandaza karatasi juu ya jiwe, akaanza kusugua kwa mkaa, polepole, kutoka juu kwenda chini. Karatasi ikawa nyeusi, na katikati ya weusi majina yakaanza kutokea meupe, moja baada ya jingine, kama watu wanaotoka gizani.

“Kuna mji,” Mkaguzi alisema huku anasugua, “walipaka majina kwa rangi badala ya kuyachonga. Mvua ya kwanza tu, wafu wote wakaoshwa. Tangu siku hiyo nasugua. Macho yangu yamezeeka, lakini karatasi hainionei huruma.”

Kumi. Ishirini. Thelathini. Mwenyekiti alikuwa anazungusha funguo za gari kidoleni na kupiga mluzi. Thelathini na nane. Thelathini na tisa.

Mkaa ukafika mstari wa mwisho. Mkaguzi akasugua. Akasugua tena, akakandamiza. Kisha akavaa miwani.

Mstari wa mwisho ulikuwa mweusi. Ukiinama sana uliona mikwaruzo, kama jina lililoandikwa kwa ukucha.

“Mdogo wangu,” Mkaguzi alisema kwa sauti laini, na ulaini ule ndio uliotisha. “Majina thelathini na tisa yameingia ndani milimita nne. Hili moja halijaingia hata moja. Kwa nini?”

Mluzi ukakatika.

Mama Patasi alilijua jibu. Kwa nini? Kwa sababu majina mengine aliyachonga akilia, na lile alilichonga akisita. Kila alipoinua nyundo, mkono ulimwambia: na kama yuko hai? Akapitisha patasi juujuu, akapaka rangi nyeupe, akajiambia hakuna atakayejua. Jicho la kila mtu lilidanganyika. Mchongaji mwingine yeyote angelichonga jina lile sawasawa na mengine, alipwe, aende zake. Ni mke tu angeweza kufanya kosa lile.

“Nakuuliza, mdogo wangu.”

“Ni mume wangu, dada,” alisema. “Mkono uliniwia mzito.”

“Mkono wa mjane huo!” Mwenyekiti alidakia haraka. “Mama Mkaguzi, ungemwona siku ile! Alilia hadi nyundo ikalowa!”

“Sikukuuliza wewe, Mwenyekiti.”

“Samahani, mama.”

Mkaguzi akamtazama Mama Patasi. Usoni mwake kulikuwa na huruma, lakini huruma iliyovaa sare.

“Naelewa,” alisema. “Nami nimezika mume. Ila siwezi kupeleka wizarani jina lisiloonekana. Lichonge sasa hivi, milimita nne. Nakaa, nasubiri.”

Akavuta kigoda, akakaa. Mwenyekiti naye akatafuta pa kukaa, akaona kasha.

“Hapo pachafu, shemeji!” Mama Patasi alipiga kelele.

“Mimi mtoto wa fundi seremala, naogopa maranda?” Akaketi. Kifuniko kikalia, kraa.



Mama Patasi akapiga goti. Akaweka ncha ya patasi kwenye herufi ya kwanza. Alikuwa amechonga maelfu ya herufi maishani mwake: za masheikh na mapadri, za wazee na watoto wa siku tatu. Hakuwahi kumchonga mtu aliye hatua nne kutoka kwake, anayepumua maranda na kusikia kila pigo.

Ta.

Kipande cha jiwe kikaruka.

Ta. Ta.

Jina lilikuwa na herufi kumi na tatu, lake na la baba yake. Ilipofika ya tatu jasho lilikuwa linamdondoka puani na kuingia ndani ya herufi. Ilipofika ya sita aliwaza: anaweza kupiga kelele sasa hivi. Mimi ndani ya kasha, mtu anizike kwa nyundo hivi, ningepiga kelele hadi bati liruke! Neno moja lake, na kila kitu kinaanguka, ukuta, ving'ora, binti, mtoto.

Kasha likanyamaza.

Na ukimya ule ulimkasirisha na kumliza kwa wakati mmoja, kwa sababu alimjua mumewe. Alikuwa ameelewa. Alikuwa amelala humo, kigogo kizima cha Mwenyekiti juu ya kifua chake, anakubali.

Ta. Ta. Ta.

“Polepole, mdogo wangu,” Mkaguzi alisema. “Usijiumize.”

Herufi ya kumi na tatu iliisha saa tisa kasoro dakika kumi. Mkaguzi akatandaza karatasi mpya, akasugua. Jina likatokea jeupe kuliko yote.

“Arobaini,” alisema, akaikunja.

“Alhamdulillahi!” Mwenyekiti akaruka kutoka kwenye kasha na kupiga makofi. “Sasa muhuri, mama, halafu chakula!”

“Bado shahidi.”

“Shahidi gani tena?”

“Mwili haukupatikana. Mtu ambaye mwili wake haukupatikana lazima awe na shahidi wa macho. Asiwe ndugu, asiwe mwanakamati. Mtu aliyemwona mlinzi asubuhi ile, aandike kwa mkono wake. Kwenye faili lenu sijamwona.”

Mwenyekiti akakodoa macho. “Lakini, mama... aliyekuwa kituoni ni mlinzi peke yake.”

“Basi ni jina la kudhaniwa. Na jina la kudhaniwa halihesabiwi. Ninyi ni thelathini na tisa.”

Hivyo tu! Bila kupandisha sauti!

“Nipe nusu saa!” Mwenyekiti alikuwa tayari mlangoni. “Mji huu una watu! Kuna mtu alimwona, lazima! Nakuletea!” Viatu vyake vikasikika vikishuka ngazi mbilimbili.

Mkaguzi akatikisa kichwa, akainuka. “Nakwenda kuchukua muhuri na fomu kwenye gari. Pumzika, mdogo wangu. Umefanya kazi ngumu.”

Mlango ukafungwa. Mama Patasi akafika kwenye kasha kwa hatua mbili na kukiinua kifuniko.

Mlinzi alikuwa mweupe kwa maranda, macho mekundu.

“Umenichonga vizuri,” alisema.

“Nyamaza! Nyamaza kabla sijakumalizia kwa nyundo hii! Miaka miwili! Ulikuwa wapi?”

“Aibuni.”

“Aibu ni mji gani huo? Mimi ndiye nimelala na aibu yako kitanda kimoja! Kabla ya ile fomu nilikuwa mke wa mlinzi aliyelala usingizi. Nikipita sokoni wanatema mate. Ulilala? Niambie ukweli wako. Ulilala?”

“Sikulala.” Akatoka ndani ya kasha. “Nilibonyeza. Niliona maji yanakuja nikabonyeza king'ora. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Betri haikuwepo, mke wangu.”

“Ilikwenda wapi?”

“Siku mbili kabla, Mwenyekiti alikuja kituoni na gari lake. Anataka kuazima betri ya vipaza sauti vya mkutano wake. Akasema jioni ataleta.”

“Ukampa.”

“Alikuwa msimamizi wa harusi yetu! Ningemnyima vipi? Jioni hakuleta, kesho yake hakuleta. Asubuhi ile nikashuka mlima mbio, napiga kelele kwa mdomo wangu huu. Maji yakanikuta darajani. Nilizinduka hospitali, mbali kabisa huko chini ya mto. Wagonjwa kitanda cha pili wanasema, ‘Mlinzi alilala, kaua watu thelathini na tisa.’ Ningewaambia mimi ni nani?”

Mama Patasi akashika ukingo wa jiwe. Mwenyekiti! Yule wa shemeji huku, shemeji kule. Yule aliyekuja na fomu na machozi. Sasa alielewa kwa nini alikuwa na haraka ya kumfanya mlinzi marehemu na shujaa. Nani anayemhoji shujaa marehemu habari za betri?

“Sema!” alimwambia mumewe. “Toka sasa hivi, mwambie yule mama!”

“Nikisema, niko hai.”

“Sema hivyo hivyo!”

“Nikiwa hai, mji una wafu thelathini na tisa.”

Mama Patasi akaiweka nyundo chini. 

Hapo ndipo walipofungiwa, wasomaji, na si kwa lori wala kwa nondo za dirisha. Ukweli ulikuwa na mdomo mmoja tu duniani, na mdomo huo ukifunguka, ukuta unaanguka kabla haujajengwa.

“Una mjukuu,” alisema, hajui kwa nini amesema.

Uso wa Mlinzi ukabadilika. “Wa kike?”

“Wa kiume. Ana masikio yako, maskini. Anaishi nyumba ya pili kutoka mtoni.”

Mlinzi akatazama jiwe. Akatazama kasha. Akainua mguu arudi ndani, bila neno, kama mtu anayerudi kazini.

Mguu mmoja ulikuwa ndani na mmoja nje mlango ulipofunguka.

“Fomu hii hapa,” Mkaguzi alisema, kisha akasimama. “Na huyu ni nani?”



“Fundi,” Mama Patasi alisema. “Ananisaidia kunyanyua. Anatoa maranda.”

“Shikamoo, mama,” Mlinzi alisema, mguu bado ndani ya kasha.

“Marahaba. Ulikuwa wapi nilipoingia?”

“Hapa hapa nyuma, mama. Kwenye shughuli ya lori.”

Mkaguzi akamsogelea. Akamtazama ndevu, viatu, mikono. Akanyoosha vidole viwili, akamtoa uranda uliomkaa juu ya nyusi. Akautazama, akaudondosha. Hakuuliza kitu.

“Wewe ni wa mji huu?”

“Ndiyo, mama.”

“Ulikuwepo siku ya mafuriko?”

“Nilikuwepo.”

“Ulimwona mlinzi wa king'ora asubuhi ile?”

Mama Patasi akasema kwa macho: hapana. Sema hapana.

“Nilimwona,” Mlinzi alisema.

“Kwa macho yako?”

“Hakuna aliyemwona kwa karibu kuliko mimi.”

“Wewe ni ndugu yake?”

“Hapana, mama. Hatujawahi kuwa ndugu.”

“Mwanakamati?”

“Mungu apishe mbali.”

Mkaguzi akaweka fomu juu ya jiwe jeusi, juu ya majina, akampa kalamu. “Basi wewe ndiye ninayekutafuta. Andika ulichokiona. Usiongeze, usipunguze.”

Na mumewe Mama Patasi, marehemu wa arobaini, akainama juu ya jina lake mwenyewe na kuanza kuandika namna alivyokufa.

Aliandika taratibu, ulimi nje kidogo pembeni ya mdomo. Mkewe alikuwa na hamu ya kuchungulia na hofu ya kuchungulia. Mstari mmoja. Miwili. Mbona anaandika mingi? Mtu amekufa, si sentensi moja inatosha?

Ngazi zikalia. Mlango ukasukumwa kwa teke.

“Nimempata!” Mwenyekiti alikuwa anahema, amemshika kiwiko fundi baiskeli mmoja mwembamba, mgeni aliyehamia mjini mwaka jana tu. “Mama Mkaguzi, huyu aliona kila kitu! Haya, sema.”

“Nilimwona mlinzi,” fundi baiskeli alianza kwa sauti ya mtoto anayesoma shairi darasani, “akifa kishujaa, mkono ukiwa juu ya king'ora, na mke wake—”

“Tumeshampata shahidi,” Mkaguzi alisema. “Asante, nenda kazini.”

Fundi baiskeli hakungoja kuambiwa mara mbili.

Mwenyekiti akacheka, bado hajaelewa. “Shahidi? Shahidi gani? Yuko wa—”

Mlinzi akainua kichwa.

Kicheko cha Mwenyekiti kilikufa mdomoni huku mdomo umebaki wazi. Funguo zikamtoka kidoleni zikaanguka sakafuni. Alimtazama mtu yule, akalitazama jiwe, akamtazama Mama Patasi, na uso ukampauka kama karatasi ya Mkaguzi ilivyokuwa kabla ya mkaa.

“Mnajuana?” Mkaguzi aliuliza.

Hapo, wasomaji wangu, ndipo ningetaka mngekuwepo mkamwona mtu anavyokaangwa na mafuta yake mwenyewe! Aseme, “Huyu ndiye marehemu”? Mfuko unakufa, na yeye ndiye aliyeleta ile fomu ya uongo. Anyamaze? Basi anyamaze asikilize.

“Tu... tunaonana onana,” Mwenyekiti alisema.

“Vizuri.” Mkaguzi akaichukua fomu, akavaa miwani, akasoma kwa sauti, kwa ile sauti yake laini.

“‘Nilimwona mlinzi asubuhi ile kituoni. Hakuwa amelala. Aliona maji, akabonyeza king'ora. Hakikulia. Akabonyeza tena. Hakikulia. Betri ilikuwa imeazimwa siku mbili kabla na Mwenyekiti wa kamati, kwa ajili ya vipaza sauti vya mkutano wake, na haikurudishwa. Mlinzi alishuka mlima akikimbia, akipiga kelele. Nilimwona maji yakimchukua darajani. Tangu siku hiyo hajaonekana mji huu.’”

Mkaguzi akavua miwani.

Mama Patasi aliuma mdomo asipige kelele za shangwe. Kila neno lilikuwa kweli! Hakuna hata moja la uongo, kuanzia la kwanza hadi la mwisho! Mumewe alikuwa amepata mlango ambao hakuna mtu aliyejua upo. Amesema yote, na bado amekufa.

“Uongo!” Mwenyekiti alifoka. “Huyu mtu... huyu...”

“Huyu mtu nini?” Mkaguzi akamgeukia. “Mwenyekiti, nakusikiliza. Ni nani huyu mtu, hata asiaminike?”

Mwenyekiti akafungua mdomo. Mshipa ukamsimama shingoni. Akaufunga mdomo.

“Hakuna kitu, mama.”

“Nilidhani una kitu.” Mkaguzi akashika muhuri, akaupulizia pumzi. “Jina la arobaini limethibitishwa. Ukuta wenu nitausaini kabla ya saa kumi. Habari za betri zitakwenda kwa watu wengine, nao watakuja na gari la rangi nyingine.”

Mama Patasi akaona ukuta. Wallahi aliuona, mrefu, wa kijivu, na mtoto wa miezi kumi akicheza kivulini kwake. Muhuri ulikuwa unashuka. Ulibakiza upana wa kidole.

Ukasimama.

“Aa,” Mkaguzi alisema. Akageuza fomu, akaisogeza tena mbele ya Mlinzi, akaweka kidole kwenye mstari mtupu chini ya maelezo. “Umesahau hapa, fundi. Shahidi anaandika jina lake kamili. Na kitambulisho nikione.”

Kalamu ikabaki hewani.

  Akiandika jina lake, litakuwa lilelile lililo chini ya karatasi, herufi kumi na tatu, milimita nne. Akiandika la mtu mwingine, maneno yote ya kweli yanageuka uongo wa kumfunga jela.

Mwenyekiti akainama, akaokota funguo zake. Akaziweka kidoleni, akazizungusha mara moja. Kisha akatabasamu.

“Ehe, ndugu yangu,” alisema kwa upole. “Mama anasubiri. Mwambie jina lako.”